Herufi ya Nta

Nikisikia harufu ya nta inayoyeyuka, viganja vyangu hutoka jasho.

Shule yetu, nje kidogo ya Tabora, ilifuga nyuki kama mradi wa kujitegemea. Siku hiyo wenzangu walikuwa nje wanachuja asali. Mimi nilibakizwa darasani. Mwalimu alikuwa ameshuku kwamba kitabu nilichokisoma bila kukosea nilikikariri kwa kuwasikiliza wenzangu.

“Anzia hapa katikati,” alisema.

Herufi zikatawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Asiyejua kusoma alichapwa, kisha akarudishwa darasa la chini, na mdogo wangu alikuwa huko.

Mwalimu akachukua fimbo. Nikanyoosha viganja.

Akaichovya fimbo kwenye kopo la nta iliyokuwa ikiyeyuka juu ya jiko la mkaa pale mlangoni, tena na tena, akachora herufi moja nene juu ya dawati. Akaipuliza.

“Fumba macho. Pitisha kidole.”

“Itaniunguza, Mwalimu.”

“Haikuunguzi. Pitisha.”

Kidole kikashuka, kikapanda, kikazunguka tumbo la upande wa kulia. Nta ilikuwa vuguvugu.

“Ba,” nikasema.

Nikafumbua macho. Fimbo ilikuwa imelazwa, imegandia dawatini, na Mwalimu hakuhangaika kuibandua.