Mkate Uliookwa kwa Madawati ya Wasichana

KHAN YUNIS. Dawati la leo limetoka darasa la nne. Abu Lutfi amelilaza kifudifudi uani, goti moja juu ya chuma, anahangaika na skrubu iliyoshikwa na kutu. Mvua imekatika alfajiri na kuacha madimbwi. Moshi wa matambara yanayochomwa kwenye mahema ya nje umetanda juu ya ukuta wa shule.

Hili ni dawati la mwisho. Kesho Jumamosi wasichana wanakuja kusoma hapa kwa mara ya kwanza tangu vita ianze, na Abu Lutfi aliahidi kwamba watakuta madawati.

Mbele ya tanuri la udongo wanawake wameketi kwa foleni, masinia ya unga uliokandwa yako mapajani, yamefunikwa kwa mitandio.

"Abu Lutfi, unalivunja hilo dawati au unalioa?" anauliza Umm Bahaa, jirani anayeishi na watu wa familia nne katika darasa moja. "Unga umeumuka, sasa unazeeka."

Mwingine anataka kujua leo wanakula somo gani. Hesabu, anajibu mzee bila kuinua kichwa. Basi yeye apewe mikate mingi, anasema mwanamke yule, kwa sababu hakuwahi kuelewa kugawanya. Wanacheka. Kisha moshi unawaingia na wote wanakohoa.

Jina kamili la mzee ni Ribhi Qudeih, ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka zaidi ya ishirini amekuwa mhudumu wa shule hii ya msingi ya wasichana. Kazi yake ilikuwa kufungua lango, kugonga kengele, kuosha vyoo na kutunza madawati. Hasa madawati. Kila likizo ya kiangazi aliyapiga msasa na kuyapaka vanishi, na harufu yake ilimfuata mpaka kitandani.

Msichana aliyechonga jina lake kwenye ubao alipewa kipande cha msasa. Alisugua jina lake mwenyewe wakati wa mapumziko, huku wenzake wakila mkate na viungo vya zaatari mbele yake.

"Walimu walikuwa wanapiga. Mimi sikumgusa mtoto hata siku moja," anasema. "Nilikuwa namtazama tu mpaka amalize. Waliona afadhali kupigwa."

Vita ilipoanza, nyumba yake ya Khuza'a iliangushwa, na yeye na mkewe wakahamia hapa kama watu wengine wote. Wanaishi chini ya ngazi, mahali alipokuwa akiweka mafagio. Madarasa yakawa nyumba za watu. Madawati yakatolewa nje, yakapangwa nyuma ya vyoo, yakafungwa kwa waya, na Abu Lutfi akaketi mbele yake na mpini wa fagio.

Vijana walimwita Waziri wa Madawati. Waziri, tupe ubao mmoja tu, mama anatetemeka. Waziri, kombora likitua hapo utalizuia na fagio? Aliwajibu kwamba shule itafunguliwa baada ya mwezi mmoja. Majira ya baridi yakapita, na mengine yakaja, na jibu lake halikubadilika, isipokuwa siku hizo hakuna aliyecheka tena.

Gesi ya kupikia ilikuwa ikiingia kupitia kivuko cha mpakani. Siku moja mtu fulani aliyeketi katika chumba chenye joto alitia sahihi kwamba isiingie, kisha akaenda kula chakula cha mchana. Hakuna mtu wa uani hapa anayemjua kwa sura. Kuni zilizokuwa zikiuzwa shekeli moja kwa kilo zilifika nane. Mshahara wa Abu Lutfi ulikuwa umekwisha kukatwa nusu. Baadaye nusu ile nayo haikuja.

Dawati la kwanza alilivunja kwa ajili ya Shatha, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeshikwa na uchungu wa uzazi kwenye darasa la pili, mvua ikinyesha. Wanawake walihitaji maji ya moto. Mzee alikwenda nyuma ya vyoo, akafungua waya, akarudi na dawati begani.

Maji yalichemka. Mtoto alizaliwa wa kiume, akapewa jina la babu yake, na hakumaliza wiki mbili. Baridi ilimchukua, amelala kati ya mama na baba, wote watatu chini ya blanketi moja.

Baada ya hapo Abu Lutfi hakumnyima tena ubao mtu aliyeuomba.

Alijenga tanuri kwa udongo na majani makavu, akaweka masharti yake. Anayeleta unga anaacha mkate mmoja kwa kila sinia, na mkate huo unakwenda kwa asiye na unga. Kabla ya kuchoma, yeye mwenyewe anabandua plastiki ngumu iliyobandikwa juu ya ubao, maana moshi wake unaunguza kifua na mkate unanuka rangi. Hata hivyo vanishi haitoki yote. Watoto wa hapa wanaujua mkate kwa ladha hiyo. Mmoja aliyepewa mkate uliookwa kwa gesi, siku gesi kidogo ilipoingia, aliuliza mbona hauna ladha.

Habari za madawati zilimfikia Munir, mfanyabiashara anayejulikana kama Bwana Turubai, kwa sababu anauza maturubai yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hayauzwi. Alikuja na mkokoteni wa punda. Alitaka madawati yote yaliyobaki, na vyuma vyake, kwa gunia moja la unga. Gunia lenyewe lilikuwa na muhuri wa msaada. Mbao angezipasua na kuwauzia watu walewale, kwa kilo.

Uani kulizuka ugomvi. Wapo waliotaka gunia lile, na nani angewalaumu? Walikuwa wameshinda siku mbili kwa supu ya dengu iliyo nyepesi kama maji ya kuoshea sahani.

Abu Lutfi alimwuliza Munir unga ule ameutoa wapi. Mungu ndiye anayegawa riziki, alijibu Munir. Mzee akamwambia kwamba basi Mungu huyo atamgawia na kuni. Ndala ya mtu ilirushwa kutoka ghorofa ya juu, ikampata punda, ambaye ndiye pekee asiye na hatia katika biashara ile.

"Utayachoma bure, mpumbavu wewe," Munir alisema akigeuza mkokoteni.

Alisema kweli. Yamechomwa bure, na kwa bure hiyo watu wamekula. Lakini Munir hajafilisika. Ana mzigo mwingine na mteja mwingine, na wiki hii bei ya turubai imepanda kwa sababu ya mvua. Wakubwa wa vita hii wanaangusha mabomu kutoka juu, na wadogo wake wanauza mablanketi ya wafu huku chini. Hawajuani kwa majina. Wanakula sahani moja.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu alirudi. Inaam al-Astal amehamishwa mara nne, amemzika mumewe pembeni mwa barabara, na sasa anaishi kwenye hema karibu na bahari. Alikuja kwa miguu, akatazama shule yake kutoka langoni, akaona nguo zikianikwa kwenye madirisha ya ofisi yake. Hakulia. Aliuliza yako wapi madawati.

Yalikuwa yamebaki kumi na tisa.

Aliomba hayo tu, yasiguswe. Wazazi walikuwa wamekubali kumwachia kona ya ua chini ya turubai, na yeye alikuwa akizunguka hema kwa hema kuwakusanya wasichana. Umm Bahaa alimwambia, kwa upole, kwamba mtoto anaweza kusoma akiwa ameketi chini. Mwalimu alimgeukia.

"Wameketi chini mwaka wa tatu sasa," alisema. "Wanalala chini, wanakula chini, wanaumwa chini. Msichana akizoea hivyo, mwisho anaamini hapo ndipo mahali pake. Mimi nataka aketi kwenye dawati saa moja tu kwa siku, akumbuke kwamba ana mgongo."

Abu Lutfi alisikia. Alimwahidi, akiweka mkono kifuani, kwamba Jumamosi ya kwanza ya masomo wasichana watayakuta. Wanawake waliokuwepo wanasema hawakuwahi kumwona na uso ule tangu wahamie hapa. Alionekana kama mtu aliyerudishiwa kazi yake.

Kisha mvua ikaanza Jumatatu ya wiki hii. Haikuacha mpaka alfajiri ya leo. Maji ya vyoo yakafurika yakaingia kwenye tangi la chini, na kufikia Jumatano watoto wa madarasa yote walikuwa wakitapika na kuharisha. Muuguzi wa hema la zahanati alisema hana dawa ya kuwapa wote. Alichoweza kuwapa ni maneno: chemsheni maji kabla ya kuyanywa.

Kwa moto gani? Hapakuwa na gesi, wala kuni kavu, na aliyekuwa nazo alitaka fedha ambazo hakuna mtu alikuwa nazo. Walichoma viatu. Walichoma godoro, na chumba kizima kikashindwa kupumua.

Jumatano adhuhuri mjukuu wa Umm Bahaa, ambaye hana hata miaka mitatu, aliacha kulia. Kila mama wa hapa anajua maana ya mtoto mgonjwa kuacha kulia. Abu Lutfi alikwenda nyuma ya vyoo na bisibisi.

Sufuria zimekaa motoni tangu hapo. Mjukuu yule amefungua macho. Jana aliomba mkate. Watoto wawili waliokuwa wakiishi darasa la tano hawakuyawahi maji ya moto, na wamezikwa kwenye kiwanja cha mpira.

Katika siku hizo zote watu walilalamika kwamba mzee anachelewa. Kila dawati aliligeuza, akalikagua juu na chini, akapitisha vidole chini ya ubao, upande ambao hauonekani, kabla ya kuingiza tindo. Umm Bahaa alidhani anatafuta misumari. Wengine walidhani akili yake imeanza kuondoka.

Mkewe, Umm Lutfi, ndiye anayejua. Anasema kwa sauti ya chini, akimenya kitunguu kimoja cha siku nzima, kwamba anamtafuta Rawand.

Rawand alikuwa binti yao. Alisoma katika shule hii miaka sita. Aliuawa Khuza'a pamoja na wanawe wawili, majira ya baridi ya kwanza. Picha zake zilikuwa ukutani, na ukuta haupo. Simu zilizokuwa na picha nyingine ziliungulia palepale. Hakikubaki kitu chochote chenye alama ya mkono wake, na baba yake alifikiri kwamba huenda, kama wasichana wengine wote, aliwahi kuchonga jina lake mahali.

Majina ameyakuta mengi. Amekuta mioyo, nyota, mashairi, matusi kwa mwalimu wa sayansi, na mchoro wa yeye mwenyewe akiwa na masikio ya punda.

"Wote wameandika," anasema Abu Lutfi. Skrubu ya mwisho imetoka, na ameugeuza ubao wa darasa la nne, anautazama. "Hata watoto wa walimu. Chini huku, nisikotazama, wameandika mpaka wamechoka. Rawand hakuandika popote. Binti yangu aliniogopa mimi."

Anaupasua ubao vipande vinne na kuutia motoni. Wanawake wanasogeza masinia.

Vyuma hajaviacha vipotee. Miguu ya madawati yote imepangwa kando ya ukuta, imefunikwa kwa plastiki, na skrubu ziko kwenye kopo la maziwa chini ya ngazi. Mpango wake ni huu: mbao zikiruhusiwa kupita kwenye kivuko, atazikata, atazipiga msasa na kuzifunga upya, dawati kwa dawati. Anasema ni kazi ya kiangazi kimoja. Akiulizwa ni kiangazi cha mwaka gani, anainua mabega. Mara ya mwisho mbao zilipoombwa, jibu lilikuwa kwamba ubao unaweza kuwa silaha.

Jumamosi asubuhi wasichana wanafika. Wengine wamechanwa nywele kwa maji matupu, mmoja amevaa sare ya dada yake aliyekufa, imekunjwa mikono mara tatu. Wanasimama chini ya turubai kwa sababu hawajaambiwa waketi wapi.

Mwalimu Inaam anavitazama vyuma vilivyopangwa ukutani, halafu majivu ya tanuri, halafu ubao mweusi wa kuandikia, ambao ndio kipande cha mbao pekee kilichobaki shuleni. Ameutundika mwenyewe kwa kamba. Anawaambia wasichana waketi chini, juu ya magunia. Wanaketi haraka, kama watu waliozoea.

Abu Lutfi anapita na birika la maji, anakwenda kwenye tanuri.

"Abu Lutfi," mwalimu anamwita. Hapandishi sauti. "Najua yaliyotokea wiki hii, na mimi sikudai kitu. Lakini hawa uliwaahidi. Waambie pole. Neno moja tu, walisikie kutoka kwako."

Mzee anasimama. Wasichana wamegeuza shingo, wanamtazama kutoka chini. Umm Bahaa, mjukuu wake begani, anataka kuingilia kati, na mzee anamzuia kwa kiganja.

"Neno hilo sina, mwalimu," anasema. "Wiki ijayo mvua ikirudi na watoto wakaanza tena kutapika, nitauchukua na huo ubao unaoandikia. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuvizia. Fundisha haraka. Radhi siombi."