Kifua Kilitoka Nairobi, Sifa Ukapewa Uji

Nimekosa, jamani! Nianze na hilo kabisa, usije ukafika katikati ukadhani natafuta huruma. Nimemdanganya mume wangu, nimewadanganya akina mama wa kijiji kizima cha Msimbu, na mwili wangu mwenyewe nimeutia kilema. Jina langu silitaji. Naandika kama namnong'oneza shoga yangu jikoni, na wewe ndiye shoga huyo.

Wakati ule nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja hapa Kisarawe. Mume wangu alikuwa Bwana Maendeleo, na maendeleo yenyewe aliyashika kama dini. Nyumbani kwetu hakikuingia kitu cha nje. Sabuni ya kigeni ilikuwa dhambi. Alivaa viatu vya tairi ingawa angeweza kuvaa vya ngozi, na akisimama mbele ya watu kauli yake ilikuwa moja: "Ndugu wananchi, tupende vya kwetu!"

Mke wa mtu huyo ndiye mimi, niliyekwenda kutengeneza kifua Nairobi. Cheka tu, nimekwishazoea!

Kilichonipeleka ni upuuzi mtupu. Nilikuwa nimenyonyesha watoto wanne na kifua kimesinyaa. Akahamia ofisini kwetu karani mmoja wa kike, msichana wa bara, kajaaliwa. Siku moja mume wangu alipita kunichukua, akamwona amesimama mlangoni. Njiani akasema, "Yule binti gauni limempenda." Basi, neno hilo tu! Mimi gauni lilikuwa halijanipenda tangu mtoto wa pili. Nililitafuna neno lile wiki nzima.

Nikaenda kumlilia rafiki yangu Zuhura wa Misugusugu, aliyekuwa akisafiri Nairobi kuleta vitenge na viatu.

"Shoga, unajitesa bure," akaniambia. "Nairobi yuko daktari anaweka. Unaingia ubao, unatoka mwali!"

"Anaweka nini?"

"Anaweka! Kwani wewe ukila sambusa huwa unamuuliza mpishi?"

Nikacheka, na swali langu likafia hapo. Mimi huyuhuyu, samaki sokoni simnunui mpaka nimfunue mashavu. Lakini kitu cha kutiwa ndani ya mwili wangu sikukiuliza hata jina!

Dada yangu aliolewa huko, na kweli alikuwa amejifungua, kwa hiyo ruhusa haikunisumbua. Mume wangu akanisindikiza mpaka kituo cha basi na kunisihi nisirudi na vitu vya nje. Nikamwahidi.

Daktari alikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Mtu mpole, koti lake jeupe limenyooshwa vizuri. Akaniuliza kama nina swali. Unajua niliuliza nini? Niliuliza kama kitapendeza kwenye blauzi ya shingo ya mviringo! Sikuuliza ile mifuko inadumu muda gani. Sikuuliza ikiharibika nani ataishughulikia na mimi niko Kisarawe. Sikuuliza hata kama nitaweza kunyonyesha tena, na bado nilikuwa mwanamke wa kuzaa.

Akaniambia nipumzike, nisibebe kitu kizito, na nirudi anikague. "Ndiyo daktari, ndiyo daktari." Nikapanda basi mishono ingali mibichi, sanduku nimelibeba mwenyewe. Alinipa na karatasi inayoeleza alichoniwekea. Nilipofika mpakani Namanga nikaichana vipande vipande, mume wangu asije akaikuta. Huo ndio uerevu wangu!

Nilipofika nyumbani mume wangu alinitazama, akatazama tena.

"Mama Mwajuma, umenawiri... sehemu."

"Ni uji wa karanga," nikamjibu. "Huu unaouhubiri wewe. Kwa dada tulikuwa tunakunywa kila siku."

Nilisema vile kumfunga mdomo. Kumbe ndiyo nimemfungulia!

Mkutano wake wa lishe uliofuata ulikuwa Msimbu. Akanichukua, akanisimamisha mbele ya halaiki. "Ndugu wananchi! Leo siwaletei maneno, nawaletea mfano. Mtazameni mke wangu! Uji wa karanga, karanga za ardhi yetu wenyewe!" Wanaume ambao hawakuwahi kuhudhuria mkutano wa lishe maishani mwao walisogea mbele wausome mfano vizuri. Makofi yakapigwa. Nami nikatabasamu na kupunga mkono, eti mke wa kiongozi.

Basi Msimbu ikalima karanga mpaka nyuma ya vyoo. Kila tulipokwenda ni vishindo vya michi. Mwanamke mmoja mwembamba, nimwite Bi Mwanaidi, aliachwa na mumewe kwa kuambiwa hana umbo. Alinivuta pembeni baada ya mkutano wa pili au wa tatu.

"Samahani, mwenzangu," akasema kwa sauti ndogo. "Uji nakunywa asubuhi na jioni, lakini naona tumbo tu ndilo linalokua. Nakosea wapi?"

Nikamtazama usoni nikamwambia, "Ongeza karanga."

Ee Mwenyezi Mungu, nisamehe! Kisu cha daktari kiliniuma, lakini jibu lile linaniuma mpaka leo.

Haukupita muda mrefu titi la kushoto likaanza kukaza. Kwanza kama embe bichi, halafu kama jiwe. Likapanda juu, lenzake likabaki chini. Nikasema, si kitu, nitarudi kwa daktari wangu arekebishe. Ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa! Wengine walilia kwa ajili ya biashara, wengine kwa ajili ya ndugu zao. Mimi nililia kwa ajili ya titi, na sikuwa na wa kumweleza. Nikawa najifunga kanga shingoni mchana wa jua kali, nameza vidonge vya maumivu, na mikutanoni naendelea kuwa mfano.

Likaniumbua msibani. Alifariki mzee mmoja Msimbu, na huwezi kwenda msiba wa Wazaramo usikute watani wao Wanyamwezi. Mtani msibani hana breki. Anaweza kuzuia jeneza, anaweza kukunyang'anya kanga, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Mtu mwenye siri mwilini akae mbali na msiba wenye watani, lakini mimi mke wa Bwana Maendeleo nisingeweza kukosa.

Bi Kalunde, mtani mkubwa wa pale, alijifunga nazi mbili ndani ya kanga, moja karibu na koo, moja karibu na kitovu. Akapita katikati ya wafiwa akitembea kwa mwendo wangu, akipunga mkono kama ninavyopunga. "Uji wa karanga, ndugu wananchi! Hili limeshapandishwa cheo, hili bado linasubiri barua!"

Wafiwa walicheka mpaka wakaanguka mikekani. Nami nikacheka, ningefanyaje? Akaja akanikumbatia kwa nguvu, kama watani wafanyavyo, kunidai ada. Nikapiga yowe.

Bi Kalunde akaniachia. Akaweka kiganja juu ya kanga yangu, akakiondoa upesi. "Mtani, hapa pana moto."

Akaniburura nyuma ya jiko, na huko nikamwaga yote. Nilipokwisha kusema ndipo nikashtuka. Siri yangu nimempa mtu mwenye ruhusa ya ukoo mzima kusema lolote! Lakini alizifungua zile nazi kifuani pake, akaziweka chini. "Utani umekwisha," akasema. "Huu ni ugonjwa." Akawaambia watu nimeshikwa na malaria, akanipeleka Dar yeye mwenyewe. Siri ile hajaitoa mpaka leo.

Hospitalini daktari kijana aliniuliza: "Uliwekewa nini, mama? Cha aina gani? Karatasi iko wapi?" Karatasi ilikuwa Namanga, imeliwa na mbuzi! Wakapasua bila kujua watakuta nini. Mwili ulikuwa umejenga ukuta kuzunguka ule mfuko, na usaha umeshaingia. Waliitoa mifuko yote miwili. Sasa ni makovu matupu, na kile kifua changu cha zamani nilichokidharau nakitamani.

Mume wangu akasimuliwa yote. Nikangoja anipige au anipe talaka. Akauliza, "Kwa hiyo si uji?"

"Si uji, Baba Mwajuma."

Akafikiri. "Usimwambie mtu. Kuna semina Kibaha, wameshaniweka niongee."

Nilipokuwa nimelala nyumbani, akina mama wa Msimbu walikuja kwa miguu kunitazama. Mbele yao Bi Mwanaidi, na sufuria kubwa kichwani. Alikaa kitandani pangu, akanishika kichwa, akaniwekea bakuli mdomoni. "Kunywa, mwenzangu," akaniambia. "Maradhi yamekupunguza. Kunywa, kitarudi." Uji ulikuwa na karanga nyingi mno. Nikanywa huku machozi yananitoka, naye akanifuta akidhani ni maumivu. Ukweli nikaumeza pamoja na uji!

Dada yangu unayewaza kuvuka mpaka ukatengenezwe, sikukatazi, mwili ni wako. Ila muulize daktari mpaka akuchoke. Muulize anaweka nini, kitadumu vipi, kikiharibika nani atakufungua na wapi. Karatasi itunze kama cheti cha ndoa. Na mtu wako mmoja ajue, wa kwanza kujua asije akawa mtani msibani.

Nawe Bi Mwanaidi, kama yuko mtu anakusomea haya, haukuwa uji. Hukukosea popote. Na umbo lako lile, mwenzangu, halikuwa na kasoro yoyote.