Uwanja wa Kuanikia

Hospitali ile ilikua kama zinavyokua nyumba za familia kubwa, kila aliyepata kitu anaongeza chumba. Ilianza kuwa zahanati ya kanisa: vyumba viwili na baraza, vitanda sita, na sista mmoja aliyekuwa mkunga, mganga na mshika funguo zote. Baadaye likaja jengo la wazazi, kisha la upasuaji, kisha la eksirei, kisha ghorofa tatu zenye lifti inayofanya kazi ikijisikia. Kila jengo lilipoukaribia uwanja wa kuanikia nguo lilikata kona. Wageni walidhani mchora ramani alikuwa mlevi. Wenyeji walijua kuwa ni kazi ya Mama Kamba.

Mama Kamba alikuwa dobi. Alianza akiwa na miaka ishirini, anachemsha mashuka kwenye pipa, na sasa alikuwa na sitini na mbili. Mashine za kukaushia zilipoletwa alizisifu sana, halafu akaendelea kuanika juani. Waganga wakuu watano walijaribu kuzihamishia kamba zake nyuma ya jiko, wote wakagonga mwamba. Vijana wa maabara walikuwa na utani wao: hospitali ina bodi, ina askofu, na juu ya wote ipo kamba ya nguo. Naye alicheka nao. Ukishaitwa king'ang'anizi hakuna anayekuuliza sababu, na hilo lilimfaa.

Sababu yenyewe ilikuwa chini ya kamba. Walilala pale watoto kumi na tisa wa miaka ile ya mwanzo, waliozaliwa wamekufa au walioishi saa chache. Manispaa ilikataza kuzika ndani ya hospitali, lakini makaburi ya mji yalikuwa mbali, zahanati haikuwa na gari, na mwanamke aliyetoka kujifungua hawezi kutembea nusu siku na maiti mikononi. Sista hakuwa mtu wa kuomba ruhusa anayojua atanyimwa. Aliwazika mwenyewe alfajiri, safu moja iliyofuata kamba, hatua moja toka kaburi hadi kaburi, bila msalaba wala jiwe.

Wa kwanza, mguuni pa nguzo ya mwanzo ya kamba, alikuwa mtoto wa Mama Kamba. Mvulana. Alipumua saa moja tu.

"Nimemlaza hapa unapofanyia kazi," sista alimwambia, "uwe naye kila siku."

Sista alipofariki siri ilibaki na mtu mmoja. Kila asubuhi, kwa miaka arobaini na moja, Mama Kamba alianza kuanika kwenye nguzo ile, na akishapachika shuka la kwanza alisimama kidogo.

Sasa lilitakiwa jengo jipya hapo hapo uwanjani, na safari hii hakuweza kulipinga. Lilikuwa jengo la watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia, kama wake. Mashine za kuwapasha joto zingekuwepo zamani, pengine leo angekuwa anamsumbua mwanawe aoe. Lakini tingatinga lingefika Jumatatu, na tingatinga halichagui udongo wa kuchota. Alipiga moyo konde, akaenda kwa mganga mkuu, akasema yote akiwa amesimama.

Daktari alivua miwani. "Mama, kwa nini hukusema miaka yote hii?"

"Ningesema, ungemshitaki nani? Marehemu sista?"

"Unataka tusijenge?"

"Jengeni, mwanangu. Nataka watolewe kwa mikono, wakazikwe panapojulikana. Basi."

Daktari alikwenda manispaa mwenyewe kutafuta kibali. Jumamosi asubuhi fundi mkuu wa ujenzi alikuja na wachimbaji wawili, na padri akaahidi kufika saa nane. Mama Kamba alikuwa ameshakata shuka moja vipande kumi na tisa na kuvipinda kingo. Fundi alichimba taratibu mguuni pa nguzo, na alipofika kwenye vifupa vyembamba aliweka jembe chini.

Mama Kamba aliingia shimoni mwenyewe. Alimfunga katika kipande cha shuka, akamweka kifuani, akalia kilio alichokuwa amekibana tangu ujana wake. Wachimbaji waliangalia pembeni. Hakukubali kumweka na wengine watakaofuata; alimlaza kwenye kikapu chake cha nguo, juu ya mto, na kazi ikaendelea.

Hesabu ilikwenda sawa mpaka wa kumi na saba. Hatua ya kumi na nane jembe liligonga kitu kikavu. Fundi alipapasa, akatoa kisiki cha mti kilicholiwa na mchwa, kimekatwa juu kwa msumeno na kushindiliwa mawe.

"Hii ilikuwa nguzo, Mama. Sasa mbona nguzo ipo kule mbele?"

Mama Kamba alikitazama kisiki. Zamani nguzo zilikuwa za mbao. Mwaka aliokwenda kumuuguza mama yake miezi miwili, ziliwekwa za chuma, na yeye aliporudi alizikuta zimesimama, akaona uzuri wake tu. Hakuuliza kama zimeingizwa katika mashimo yale yale. Kumbe safu nzima ya nguzo ilisogezwa mbele hatua mbili. Basi watoto wawili wa kwanza hawakuwa huku. Walikuwa kule alikoanzia, nyuma ya nguzo, upande wa eksirei.

Walirudi. Hatua moja nyuma ya nguzo walimpata mmoja. Hatua ya pili fundi hakuinua jembe.

"Hapa ni ukuta, Mama."

Aliujua ukuta ule. Walipojenga eksirei yeye ndiye aliyeshika uzi na mwashi, akagomba, akapima kwa miguu yake toka nguzo ya chuma, akasema, "Hatua mbili, hapa sawa, chimbeni msingi." Na siku ile alirudi nyumbani akijisifu kwamba amemlinda mwanawe.

Daktari alikuwa amefika. "Tutavunja," alisema. "Nikiagiza leo, tutavunja."

Ndani ya eksirei kulikuwa na foleni ya watu wamekaa kwenye benchi, mmoja kashika mkono uliovunjika.

"Usivunje," alisema Mama Kamba. "Hawa watapigwa wapi picha?"

Alikwenda kwenye kikapu. Yule aliyemo alikuwa wa tatu, mtoto wa mwanamke ambaye Mama Kamba hakukumbuka hata sura yake, aliyeruhusiwa akaondoka na hakuonyeshwa kaburi. Miaka yote aliyosimama pale asubuhi alikuwa amesimama kwa huyu. Fundi alinyoosha mikono ampokee, amweke na wenzake.

"Mwache kwanza," alisema Mama Kamba.

Akakaa chini, akaegemea ukuta wa eksirei, akampakata mtoto wa watu mpaka padri alipofika.