Siku Niliyolala Ufukweni Nikadhaniwa Maiti

Haya jamani, sogeeni, na wewe muuza kahawa tua birika lako usikie. Enzi za Mwingereza nilikuwa mchukuzi wa magunia pale sokoni Kariakoo, na sikuwa na mtu. Mji mzima uliujua mgongo wangu, jina langu hakuna aliyeuliza. Siku ya mapumziko nilizungumza na ukuta, mpaka ukuta ukanichoka.

Basi nikawa nawaona Wazungu wanaenda kujilaza ufukweni, juani, wanarudi wanacheka. Nikasema, kumbe raha iko kule. Nikaenda peke yangu, nikajinyoosha mchangani, nikajifunika shuka jeupe mpaka usoni. Jua tamu, upepo mtamu, magunia yote yakayeyuka mgongoni. Nililala hivi kwamba hata papa angepiga hodi nisingesikia.

Nikaamshwa na sauti. Watu wamenizunguka, wanadhani bahari imenitupa.

"Wa nani huyu?"

"Hana mtu, maskini. Tumzike tu."

Wallahi sikujitikisa. Nilitaka kusikia kama yuko hata mmoja atakayesema, huyu namjua. Kimya kikawa kirefu kuliko reli ya Kigoma. Machozi yakanitoka humo humo ndani ya shuka.

Mara akafika mama wa Kizaramo anayeniuzia mihogo sokoni kila mchana. Akaitazama miguu yangu iliyochungulia nje, mipana kama makasia.

"Huyo Mnyamwezi, mtani wangu," akasema. "Atakufaje, na mihogo yangu haijaisha?"