Pasipoti Zilizoshonwa

Mume wangu ni fundi cherehani, na mimi ni mtu wa wasiwasi. Wanetu walipotukatia tiketi kwenda kutembea nchi ya watu, nilikuwa na hofu ya wezi tu. Tulipofika hotelini nikamwambia azishonee pasipoti ndani ya upindo wa gauni langu. Akatoa sindano yake, akashona.

Asubuhi tukapanda basi kwenda kuona tembo. Getini askari akataka pasipoti, na lango lilikuwa linafungwa saa nne.

“Zipo,” nikasema, “ila zimeshonwa.”

“Na nani?”

“Na huyu hapa.”

Basi zima likacheka. Mume wangu akapiga magoti nyuma ya kibanda cha tiketi, akaanza kukata uzi kwa meno.

“Baba watoto, fanya haraka.”

“Ulisema nikaze, nimekaza. Kazi yangu haifumuki ovyo.”

“Jana ungelipua tu.”

Zikatoka zimebaki dakika mbili. Askari akazikagua, kisha akauliza kama fundi anashona na suruali.

Tukaingia. Kando ya maji alisimama tembo jike, mwanawe kamficha katikati ya miguu yake, anachungulia.

“Mwenzako yule,” mume wangu akaninong'oneza. “Naye kaficha mali yake upindoni.”

Nilicheka mpaka machozi. Mchana tulikula samaki wa kuchoma, nyuzi zikining'inia kwenye gauni. Pasipoti nilizikamata kwa mkono wa kushoto, nikala kwa wa kulia, na sikubakiza kitu ila miiba.