Mlima Alioutaja Mama

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwadai watu vitambulisho. Kwenye kiwanda chetu kidogo cha asali hapa Mpanda, hakuna aliyepewa aproni na kofia ya nywele kabla hajapita mezani kwangu. Mtanzania alete kitambulisho cha taifa au namba yake, pamoja na barua ya mtendaji. Asiye Mtanzania alete pasipoti, kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, vyote viwe hai, na tarehe zake za kuisha nazizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Wenzangu walinicheka. Walisema hata marehemu akija kuomba kazi nitamdai barua ya mtendaji. Waseme tu. Niliipenda kazi ile kwa sababu mtu akishatoka mezani kwangu, hakuna wa kumsumbua tena. Nimekulia Katumba, na huko mtoto anajua thamani ya karatasi kabla hajajua kusoma.

Katumba ni yale makazi waliyopewa Warundi waliokimbia nchi yao miaka ya sabini. Mama yangu aliingia akiwa mgongoni mwa bibi. Mimi nilizaliwa hapo hapo, na nilikuwa bado nasoma tulipopewa vyeti vya uraia. Siku hiyo mama alipika pilau ingawa haikuwa sikukuu, na majirani waliopita njiani wote waliitwa kula. Nakala ya cheti changu niliiweka kwenye faili langu mwenyewe siku ya kwanza ya kazi, mbele ya bosi. Akaitazama, akasema, "Nyie wa Katumba mnapenda makaratasi kuliko Biblia." Tukacheka wote wawili.

Bosi ni mtu wa hapa hapa Mpanda, aliyeanza kwa kununua asali ndoo moja moja kutoka Inyonga mpaka akajenga kiwanda. Shida yake ilikuwa moja: asali ilikuwa inachachia kwenye chupa, na wanunuzi wa mjini wakawa wanairudisha. Ndipo akamtafuta mtaalamu kutoka Burundi, mwanaume wa umri wangu, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hata siku ya vumbi. Huyo ndiye aliyekuwa mgeni wetu pekee. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchechemea, na siku ya kwanza alipokwama katikati ya sentensi nikamjibu kwa Kirundi. Macho yake yakajaa machozi. Kuanzia hapo akawa ananiita dada, nami nikamwita kaka, na sikuwa naigiza.

Kibali cha mgeni kina sharti lake. Mwajiri lazima ataje Mtanzania anayefundishwa kazi ile ile, ili mgeni akiondoka kazi isilale. Bosi aliandika jina langu. Nadhani aliliandika kwa kuwa nilikuwa karibu na kalamu, lakini mimi nikalichukua kwa uzito. Asubuhi nilikuwa mezani na mafaili, mchana navaa aproni nakwenda kwenye mashine ya kuchujia. Kaka alinifundisha bila choyo, lazima niseme hivyo. Alinionyesha kusoma kipimo cha unyevu, kuijua asali iliyovunwa mapema kabla nyuki hawajaifunika, na kuwaambia wafugaji bila kuwaudhi kwamba ndoo hii hatuichukui.

Jumapili moja nikampeleka Katumba kwa mama. Mama alikuwa ameandaa ugali wa muhogo, kisamvu na maharage, na alimkumbatia mlangoni kwa ule mkumbatio mrefu wa kwao mpaka kijana wa watu akaanza kulia tena. Walipokaa mezani akamuuliza swali ambalo Mrundi humuuliza Mrundi kabla hata hawajajuana majina, maana kule mlima ndio kijiji cha mtu: "Wewe ni wa mlima gani?" Kaka akautaja wake. Kisha akauliza na yeye, "Na nyinyi, mama?"

Mama akaweka kijiko chini akautaja mlima wetu. Mama hakumbuki chochote cha kule. Anachojua ni kile alichohadithiwa na bibi, na katika hayo yote jina la mlima ndilo alilolishika kwa nguvu zaidi. Nyuma ya nyumba yetu kuna mwinuko mdogo anapolima muhogo, na mwinuko huo kaupa jina hilo hilo. Hasemi anakwenda shamba. Anasema anapanda kule, na anautaja. Kaka akasema anaujua, shangazi yake aliolewa ng'ambo ya pili yake. Mama akapiga makofi na kumwongezea maharage. Tulipoaga alimwambia, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "hapa ni kwenu." Akampa na mfuko wa karanga.

Kibali chake kilipokaribia kuisha, mimi ndiye niliyeandaa maombi ya kuongezewa muda. Niliwahi mapema kabisa, maana afisa kazi alishatueleza kwamba anayewahi anaendelea na kazi huku maombi yake yakishughulikiwa, na anayechelewa anakaa nyumbani. Mtandao uligoma, nikawa narudia. Picha zake zilikataliwa kwa sababu ya rangi ya nyuma, nikampeleka studio mwenyewe. Maelezo ya kwa nini bado anahitajika niliyaandika kwa mkono wangu, kwa maneno mazuri kuliko niliyowahi kuandika kuhusu mtu yeyote. Stakabadhi ilipotoka nikaiwekea plastiki ili isichafuke na asali mfukoni mwake.

Kisha afisa kazi akaja kukagua. Siku hiyo kaka alikuwa na malaria, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashine. Afisa alisimama akanitazama, akauliza maswali mawili matatu, nikamjibu huku nafanya kazi. Akamgeukia bosi.

"Mbona huyu kazi anaijua? Mnamwombea mgeni aongezewe muda wa nini?"

"Bado anajifunza, mkuu," bosi akasema, na akacheka kile kicheko chake cha kufunga mazungumzo.

Afisa hakucheka. Alisema atarudi kuongea na mgeni mwenyewe akipona.

Alirudi wiki hiyo hiyo. Wakakaa ofisini watatu, afisa, bosi na kaka. Nikaambiwa nilete chai. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa, nami nikiwa na sinia mkononi nikamsikia kaka akiongea Kiswahili chake, ambacho siku hiyo hakikuchechemea hata kidogo.

"Huyo mnayesema Mtanzania anaijua kazi, huyo si Mtanzania. Ni Mrundi kama mimi. Mama yake aliniambia mwenyewe mlima wao."

Nikasubiri bosi aseme. Alikuwa na kila sababu ya kusema. Cheti changu alikiona, utani akaufanya. Nilisimama pale mpaka mvuke wa chai ukaanza kupungua, na bosi hakusema kitu. Nikaingia, nikaweka vikombe mbele yao, na kaka akasema "ahsante, dada" bila kuinua uso.

Afisa kazi simlaumu. Akishaambiwa jambo kama hilo hawezi kulifunika. Alisema tu litapelekwa uhamiaji wakalihakiki. Aliyenichoma ni bosi. Jioni aliniita, akanyoosha mkono kuomba funguo za kabati.

"Nenda nyumbani upumzike mpaka uhakiki uishe. Ni taratibu tu, dada."

"Bosi, faili langu liko humo humo kabatini, rafu ya pili. Fungua utazame."

"Sitaki kuingilia mambo ya serikali."

"Ulicheka siku nilipoweka cheti."

Akatazama simu yake. Nikampa funguo. Niliondoka nikipita kwenye chumba cha mashine, na kaka alikuwa ndani anafanya kazi, stakabadhi niliyomhangaikia imo mfukoni mwa shati lake, inaonekana kabisa. Maombi yake yalikuwa hayajajibiwa, naye anaruhusiwa kusubiri akiwa kazini. Mimi mwenye cheti na kitambulisho nikasubirie nyumbani. Nilishika nguzo ya veranda nikasema kwa sauti, "Mungu wangu, ili abaki huyu, mgeni lazima niwe mimi." Wasichana wa kubandika lebo walinisikia. Wakainamia chupa zao.

Sikumweleza mama kwa nini niko nyumbani siku za kazi. Nilimwambia mashine imeharibika. Lakini afisa wa uhamiaji alipokuja, akiwa na mtendaji wa kijiji, hakukuwa tena na cha kuficha. Alikuwa mtu wa heshima. Alivua kofia, akamwamkia mama shikamoo, akakaa kwenye kiti alichopewa. Mama akaingia ndani akatoka na vyeti vyetu, chake na changu, vikiwa kwenye kile kitenge anachovifungia. Afisa akavisoma, akaandika namba zake, akasema viko sawa.

"Nimalizie tu maelezo yangu, mama," akasema. "Kule Burundi kwenu kulikuwa wapi hasa? Tumeambiwa ulimtajia mtu mlima."

Mama alikikunja kile kitenge. Kisha akageuza uso akanitazama, na nikajua amejua. Wageni wa kutoka kule hawakuwa wengi pale kwetu. Aliyekaa mezani akatajiwa mlima mwaka ule alikuwa mmoja.

"Ni yule mtoto?" akaniuliza kwa Kirundi.

Nikatazama chini.

Mama akamgeukia afisa, akamjibu kwa Kiswahili, pole pole. "Sikumbuki, baba. Nililetwa mgongoni."

"Hakuna jina lolote mama?"

"Hakuna."

Afisa akaandika. Haikumsumbua, kwake ilikuwa nafasi moja tu ya kujaza, na bila hiyo mambo yangu yalikuwa yamenyooka vile vile. Nilitaka kumwambia mama kwamba hakukuwa na hatari, kwamba raia wa tajnisi, aliyepewa uraia kwa cheti kama sisi, haulizwi alikotoka ili anyang'anywe. Sheria naijua, ndiyo kazi yangu. Lakini ningemwambiaje mtu aliyeona kwa macho yake neno alilolitoa na chakula likirudi na afisa?

Barua ya uhamiaji ilifika kiwandani, nikaitwa nirudi. Bosi alinirudishia funguo akitabasamu. "Si nilikwambia ni taratibu tu?" Nilihesabu funguo mbele yake moja moja kama ninayeogopa wizi, ili aone kwamba nimeona.

Kaka nilimkuta anaosha mapipa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote makali, na yote yakanitoka kwa swali moja.

"Kwa nini?"

Akafunga maji. "Dada, mimi sikudanganya. Nilisema alichosema mama."

"Uliambiwa kama mtoto wa nyumbani."

"Nina watoto wanaosoma kwa kazi hii," akasema. "Ungefanyaje wewe?"

Nikaenda kuvaa aproni. Mpaka leo swali hilo linanipandisha hasira, kwa sababu jibu langu alikuwa nalo mfukoni mwa shati, nimelivalisha plastiki.

Bosi naye hakuwa amemaliza. Alikuja na karatasi mpya ya maombi, akaomba nitie sahihi kwamba bado nahitaji kufundishwa mwaka mwingine. "Ili mambo yaende," akasema. Nikamwambia sahihi yangu ataipata kwenye ukweli: kazi naijua. Akakasirika, akasema nimekuwa na kiburi tangu nirudi. Nikakubali. Afisa kazi aliporudi nilimwambia hivyo hivyo, na akanitazama nikifanya kazi kuanzia ndoo ya kwanza mpaka chupa kufungwa. Muda haukuongezwa.

Basi taratibu za mwisho za kaka pia nilizifanya mimi. Nilihakikisha vibali vyake vimerudishwa panapotakiwa, asije akakwama mpakani, na cheti chake cha utumishi nikakiandika bila neno baya. Nilifanya hivyo kwa sababu ndiyo kazi yangu, na pia kwa sababu sikutaka anidai chochote. Alipokuja kuaga alisimama mlangoni na begi lake.

"Msalimie mama," akasema.

Salamu hizo sikuzifikisha.

Sasa mashine ni yangu, na meza ya vitambulisho bado ni yangu, na bosi ananiheshimu kwa namna ya mtu anayeogopa. Mama siku hizi akichukua jembe anasema, "Naenda shamba." Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani amekosea. Hajakosea. Mwinuko uko pale pale, muhogo unaota, ila jina halitajwi tena.

Mwezi uliopita mchungaji alileta mgeni wa kutoka Burundi, mzee mwenye mvi, kula chakula cha mchana kwetu baada ya ibada. Walikaa mezani, mama akamkaribisha vizuri, akamnawisha mikono. Mzee akafurahi kusikia Kirundi chake, akamuuliza, "Na wewe ni wa mlima gani?"

"Mimi ni wa Katumba," mama akasema.

Mzee akacheka, akidhani hakumwelewa, akauliza tena. Mama akamwongezea maharage.