Matete ya Kupanda Mchangani

Jumatatu nilipanga foleni ofisi ya kata, Pasiansi, tukiandikishwa kurudisha matete ziwani. Tuliyafyeka wenyewe kwa kuogopa mamba. Sasa bwana shamba anasema maji yamechafuka na samaki hawana pa kuzalia, na kweli, sato wamehama.

Mbele yangu alikuwa mama ambaye mwanawe alichukuliwa na mamba kwenye matete hayo hayo. Karani alipomwuliza jina, mama akaweka viganja vyote viwili juu ya daftari, kalamu isipate pa kuandika.

"Mwanangu, niweke kwenye kuchimba vyoo, niweke kwenye kubeba mawe. Majini siingii."

"Mama, niandike kwamba umekataa kazi ya taifa?"

Karani hakupaza sauti. Foleni nzima ilitazama chini, na mimi mwenye mdomo nikatazama chini vilevile.

Mama akaondoa viganja polepole. "Haya, andika. Na wewe siku ya kupanda utakuwa wapi?"

"Nitakuwa nahesabu watu."

"Basi hesabia majini, baba. Nitakuwa nyuma yako."

Jumamosi karani alikuja na buti zake, akasimama juu ya mwamba. Nasi tukapanda matete yote mchangani, hatua kumi kutoka kwenye maji. Akaandika kazi imekamilika.

Yatakauka yote. Bwana shamba hakukosea kuhusu samaki, lakini akitaka matete yaote, pale juu ya mwamba asituwekee mwenye kalamu. Atuwekee mwenye bunduki ya mamba.